Namba Thelathini

Fomu zilirudi kutoka Lang'ata siku ya Jumanne,
zimejazwa kwa kalamu moja ya buluu
iliyopitishwa, nadhani, benchi kwa benchi,
maana kufikia jina la kumi na tisa wino ulikuwa umechoka
na maneno ya Bosibori yalikuwa mikwaruzo tu:
Mtoto, Kerubo. Yuko Kayole kwa mama mdogo.
Anapenda manjano.
Kiatu, namba thelathini.

Mimi huuza viatu Gikomba, mwaka wa kumi na nne huu.
Mguu wa mtoto naupima kwa jicho
kabla mamake hajafungua pochi.
Miaka tisa, namba thelathini?
Nikamwambia shemasi Wambeti, huyu mama amekosea.
Wambeti alikuwa na selotepu mdomoni.
Akakata kipande, akabandika, ndipo akasema:
"Hajakosea. Aliingia mtoto ana sita."

Basi tukabishana hadi mlinzi akaja kuchungulia,
watu wazima kumi na mmoja katikati ya marobota ya unga,
madaftari, mafuta ya kupaka.
Nunueni thelathini na tatu, akasema mwekahazina,
sadaka si ya kuchezea.
Nunueni alichosema mama, akasema binti wa kwaya,
zawadi ni yake, sisi ni mikono tu.
Pasta akasema tuombe. Tukaomba.
Maombi hayakutaja namba.

Nilinunua thelathini, za manjano, kwa hela ya kanisa.
Thelathini na tatu, nyeusi, za shule,
nilizitoa kibandani kwangu nikazificha mkobani,
na sikumwambia mtu.

Kayole, mkesha wa Krismasi. Ghorofa ya nne,
ngazi nyeusi tii, kila mlango unanukia chapati.
Kerubo akasoma kadi: Kutoka kwa Mama.
Hakuuliza mama yuko wapi. Aliuliza,
"Ameandika yeye?"
Mwandiko ulikuwa wa Wambeti.
Gikomba ningejua la kusema; huko hata kiatu cha kulia
nimewahi kukiapia kuwa cha kushoto.
Nikatoa ile fomu.
Akapitisha kidole juu ya mikwaruzo, polepole,
kama anayetafuta mwanzo wa uzi.

Kiatu cha manjano kikaingia, kisigino kikagoma.
Akasukuma. Akakunja vidole, akasukuma tena,
ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo.
"Wacha, utaumia," akasema mamake mdogo, Kemunto,
na mkono wangu ulishakuwa mkobani
niliposikia kicheko.
"Hajui nimekua!"
Alicheka kama mtoto aliyejificha vizuri mno,
wenzake wamepita karibu, hawakumwona,
na sasa anataka kuonekana.

Akaitandaza karatasi ya zawadi sakafuni,
upande mweupe juu, akaikanyaga,
akaniamuru nichore.
Nimeshika miguu ya nusu ya Nairobi.
Sijawahi kuzunguka mmoja taratibu namna ile,
kidole hadi kidole, yeye akitekenyeka,
penseli ikiruka, mstari ukipinda
pale kwenye kidole cha mwisho.
Ndani ya wayo akaandika: SASA NI HUU.

Viatu vyeusi alivipokea kwa adabu. Vilimtosha.
Vya manjano viko juu ya kabati;
Kemunto anataka vipewe mtoto wa jirani,
na mpaka leo hajathubutu.

Siku mbili baadaye, langoni,
askari jela aliifungua ile karatasi,
akaigeuza, akainusa, akaiinua kwenye jua.
"Hii ni nini?"
Mguu, nikasema.
"Mguu wa nani?"
Nikamtajia.
Hakusema kitu. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika.
Akaiweka mezani, akaikunja upya,
hakufuata mikunjo yangu, alitafuta yake,
akivikwepa vidole kimoja kimoja.